Yara ya Lattafa: Vile Inanukia, Vile Inakaa, na Vile Unaweza Kuuziwa Feki

Kama umewahi kupanda mathree ya 58 asubuhi kutoka Buru, hii harufu unaijua hata kama jina hulijui. Manzi ameingia, ameketi mbele yako, na ghafla ni kama mtu amefungua yoghurt ya strawberry. Mara nyingi hiyo ni Yara.

Yara inatengenezwa na Lattafa, kampuni ya Falme za Kiarabu, na ilitoka 2020. Chupa ni ya pinki, ile watu wengi hununua ni ya ml 100, na ni marashi ya wanawake ya matunda na maua, sukari ikiwa juu. Ukipuliza unapata chenza kwanza, pamoja na maua ya okidi na heliotropu. Hilo la mwisho ndilo linaleta ile kitu ya poda, kama mtoto ametoka kuogeshwa. Katikati kuna matunda ya nchi za joto na utamu wa keki. Chini kabisa ni vanila, miski na msandali.

Sasa rada ni hii: chenza haikaangi. Harufu za jamii ya machungwa ni nyepesi, zinapaa haraka, so baada ya robo saa usianze kulia umeibiwa. Kinachobaki ni vanila na miski, na hizo hukaa karibu na ngozi. Mimi nikijipuliza saa kumi na mbili nikitoka Umoja, kufika saa tano lazima mtu akaribie ndio anuse. Kwa sweta ni story ingine, jioni naivua na bado iko.

Shida ni pua. Pua yako inazoea harufu, wewe huskii kitu, unaongeza. Siku yangu ya kwanza kazini nilijipuliza mara nane. Ilikuwa Februari, jua kali, tumekwama kwa jam ya Jogoo Road, madirisha yamefungwa. Mama mjamzito aliyeketi kando yangu akaniambia polepole, "Mrembo, samahani, naomba unifungulie dirisha." Nilitaka kushukia hapo hapo. Joto huvimbisha utamu wa Yara, na ndani ya mat ya watu kumi na wanne hakuna pa kutorokea.

Siku hizi ni tatu tu: shingo, ndani ya kiwiko, na moja kwa nguo. Anza na mafuta yasiyo na harufu, kwa sababu ngozi kavu hushika marashi vibaya. Usisugue. Ile baridi ya Julai unaweza kuongeza moja, hakuna mtu atalalamika.

Pia angalia jina lote kabla ulipe. Yara Tous, ile ya rangi ya chungwa, ni embe, nazi na pasheni. Yara Moi ni nyeupe. Ni ndugu, lakini hazinukii sawa, na kuna watu wamebeba moja wakidhani ni ingine.

Feki nayo nimeinunua, niseme ukweli. Kibanda fulani tao, soo nane, boksi iling'aa kuliko original. Ilinukia spiriti, halafu kufika jioni shingo ilikuwa imewasha ikatoka vipele. Kenya iko na sheria ya bidhaa bandia tangu 2008, lakini mimi nilienda kumtafuta yule jamaa nikapata pale anauza kava za simu. So angalia mwenyewe: namba iliyopigwa chini ya boksi ifanane na ile ya chini ya chupa, na ukipuliza itoke kama ukungu, si matone. Chupa mpya ya ml 100 kwa bei ya lunch mbili? Hapana, wewe.

Kama doh ni kidogo, wale wa mafuta Eastleigh watakupimia harufu ya kufanana na Yara kwa kachupa kadogo. Si Yara yenyewe, na haitasikika mbali, lakini kwa ngozi inakaa poa. Paka kidogo mkononi, zunguka nayo lisaa limoja, uinuse tena ndio utoe ganji. Muuzaji akikataa ujaribu, ingia duka la pili. Yako mengi kwa hiyo laini.