Sentimita 5 za Sydney

Jamani, wiki hii kwenye semina ya historia tulibishana weee kuhusu shahidi wa macho. Wenzangu wengi wanashikilia kuwa aliyekuwepo ndiye anayejua. Mimi nikabisha, na mfano wangu ulikuwa jimnastiki (walicheka, lakini walisikiliza).

Olimpiki ya Sydney, tarehe 21 Septemba 2000, fainali ya wanawake ya kumpata bingwa wa vifaa vyote vinne. Kimojawapo wakati huo kilikuwa farasi wa kuruka: unakuja mbio, unamsukuma kwa mikono, unajipindua hewani, unatua kwa miguu. Siku hiyo wakaanza kudondoka. Mmarekani Elise Ray akaanguka. Mwingereza Annika Reeder akaumia, akajitoa. Svetlana Khorkina wa Urusi, aliyetarajiwa na wengi kuchukua dhahabu, akatua kwa magoti.

Sasa wewe uko jukwaani, tiketi umelipia. Unaona nini? Si mabinti waliozidiwa na presha tu! Kumbe farasi alikuwa amewekwa sentimita 120 badala ya 125. Kitu cha upana wa vidole vitatu, lakini kwa mwili uliozoeshwa kimo kimoja, ni kama kushuka ngazi gizani ukakuta kidato kimoja kimepungua.

Majaji walikuwepo, makocha walikuwepo, kamera zilikuwepo. Aliyeshtuka ni mshindani mwenyewe, Allana Slater wa Australia, zamu ya kifaa ilipomfikia. Wakapima, wakampandisha farasi, na waliotangulia wakaambiwa wanaweza kurudia.

Kurudia nini sasa? Khorkina alishakwenda kwenye vyuma, kifaa chake hasa, kichwa kimevurugika, akaanguka na huko. Mruko unarudiwa, vyuma havirudiwi. Huo mimi nauita uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Na hata mshindi ambaye ukumbi mzima ulimwona akivishwa dhahabu, Andreea Răducan wa Romania, vitabuni hayupo. Alinyang'anywa kwa sababu ya pseudoefedrini, dawa iliyokuwa kwenye kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu yake. Dhahabu ikaenda kwa Simona Amânar, Mromania mwenzake.

Khorkina alirudi siku chache baadaye akachukua dhahabu ya vyuma. Ile ya vifaa vyote aliifuata tena Athens mwaka 2004, akaambulia fedha.