Venus wa Milo

Venus wa Milo ni sanamu ya Kigiriki ya marumaru, yenye kimo cha takriban mita 2, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris. Ni ya mwanamke aliye wazi kifua, nguo imemshuka hadi nyongani na mikono yote miwili imekatika. Wengi humtambua kuwa Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Ilifukuliwa Aprili 1820 na mkulima wa kisiwa cha Milo, mbele ya Olivier Voutier, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa. Mwaka uliofuata Mfalme Louis XVIII aliikabidhi Louvre.

Kwa miaka mingi sanamu hii ilihesabiwa kuwa kazi ya karne ya 4 KK, ya mchongaji Praxiteles au wafuasi wake. Ushahidi hauafiki. Pamoja nayo kilipatikana kipande cha kitako chenye maandishi yanayomtaja mchongaji: mwana wa Menides, raia wa Antiokia ya mto Meander. Herufi za mwanzo za jina lake zilikuwa zimemeguka, lakini kwa kawaida hukamilishwa kuwa Alexandros. Mji huo ulianzishwa katika karne ya 3 KK, Praxiteles akiwa ameshafariki zamani. Ufaransa, iliyolazimika kurudisha sanamu ya Venus wa Medici mjini Florence mwaka 1815, ilikuwa na kiu ya kazi ya fundi mkubwa, na habari ya fundi asiyejulikana haikupokewa kwa furaha. Kipande chenyewe kilipotea Louvre, na hasara hiyo haifidiki.

Wapo wanaosema kitako kile kilikuwa cha sanamu nyingine, kwa kuwa Voutier alikichora kikiwa kimebeba nguzo fupi yenye kichwa cha mtu. Hoja hiyo ina uzito, ila kuna mchoro wa msanii Debay uliochapishwa mwaka 1821, unaoonyesha kipande kikiungana na sanamu penye ufa wake, kikiwa na tundu la mraba juu. Tundu hilo lingeweza kushika nguzo kando ya mungu huyo, kwa hiyo michoro miwili haipingani.

Hata maandishi yakiwekwa kando, jiwe linajieleza. Mwili umejipinda kuanzia goti lililosogezwa mbele hadi mabegani, na mikunjo ya nguo imechimbwa kwa kina hadi kivuli kinatuama ndani yake. Humo ndimo ulimofichwa muungano wa mapande mawili makuu ya marumaru. Huo ni ufundi wa karne ya 2 KK. Anayetaja utulivu wa uso kama dalili ya ukale husahau kwamba wachongaji wa wakati huo walipenda kurudia sura za mafundi waliowatangulia. Alexandros aliutwaa uso wa kale akauweka juu ya mwili wa zama zake, na mjongeo ule wa kiwiliwili ni wake mwenyewe.