Diski Isijitambulishe Yenyewe

Kila nikiongea na vijana wanaojenga mifumo ya mashine pepe, naskia kitu kimoja: "Safu ya fomati ya nini bana, programu itajua yenyewe." Jameni, hapana. Hiyo njia imeshapitwa na watu wakaumia.

Tuanze mwanzo. Mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, na mara nyingi diski yake ni faili tu kwenye seva. Ni nani mwenyewe, ni ya fomati gani, ina ukubwa gani? Lazima mahali fulani paandikwe. Mpangilio wa hizo taarifa ndio skima.

Mwaka 1972 IBM walitoa VM/370. Kila mtumiaji alikatiwa kipande cha diski kubwa, na msimamizi akaandika mstari wake kwenye daftari la mfumo: namba ya diski, aina ya kifaa, silinda ya kuanzia, idadi ya silinda, diski kubwa iliyokatwa, na ruhusa. Mtumiaji angeandika chochote ndani ya kipande chake, lakini daftari halikuwa mkononi mwake.

Baadaye diski zikawa faili zinazobeba kitambulisho chao wenyewe. Chukua qcow2, fomati ya QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Faili yake huanza na herufi QFI, kisha huja taarifa kama ukubwa wa diski, na hata jina la faili nyingine inayoiegemea. Fomati ghafi nayo haina kitambulisho chochote, ni data tupu toka mwanzo. Kwa hivyo QEMU ikiletewa faili bila kuambiwa fomati, ilichungulia mwanzo wake na kukisia.

Umeona shida? Mwaka 2008 ilitangazwa wazi. Mtu aliye ndani ya mashine yenye diski ghafi angeweza kuandika kitambulisho cha qcow2 pale mwanzo kabisa, na kudai diski yake inaegemea faili ya siri ya seva. Mashine ikiwashwa tena, QEMU inaamini, na jamaa anasoma faili za mwenye nyumba. Ndiyo maana leo unashauriwa utaje fomati waziwazi.

Ukubwa nao una hila yake. Faili ndogo ya qcow2 inaweza kudai ni diski ya terabaiti kadhaa. Ndiyo maana Glance, sehemu ya OpenStack inayotunza picha za diski, ina safu mbili tofauti: ukubwa wa faili na ukubwa pepe. Ukiweka moja tu, siku moja seva itajaa ukishangaa.

Lakini kuandika fomati pekee hakutoshi. Julai 2024, miaka 16 baadaye, OpenStack ilitangaza udhaifu uliogusa Glance, Nova na Cinder. Mtumiaji angepakia qcow2 iliyotengenezwa kwa ujanja, inayoelekeza data yake kwenye faili ya seva, naye akaisoma. Mambo yaleyale, mlango mwingine. Sehemu ya dawa ilikuwa kukagua yaliyomo kwanza, na kukataa faili isiyolingana na fomati iliyotajwa.

Kwa maoni yangu basi, skima nzuri inahitaji safu mbili za fomati: aliyosema mwenye faili, na iliyopatikana kwenye ukaguzi. Ni kama kununua gari. Unasoma logbook, halafu unainama uone namba ya chesisi. Zikikataana, unaenda zako, hata kama muuzaji ana tabasamu tamu.

Wale wa 1972 hawakuwa na safu nyingi, lakini jambo moja walilijua: daftari halishikwi na mgeni. Hebu fungua jedwali lako leo uangalie. Kalamu iko mkononi mwa nani?