Chuo Kikuu cha Lubumbashi: miaka 70 juu ya ardhi ya shaba

Mwaka 2026 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinatimiza miaka 70 tangu kifungue milango. Mji wenyewe ulikuwa bado kijana wakati ule. Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, ilianzishwa 1910, mwaka ambao reli ya kutoka kusini ilifika, na karibu kila kitu ndani yake kilizunguka Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906 ili kuchimba shaba ya Katanga. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba chuo nacho kilizaliwa kwa ajili ya shaba. Sivyo. Kilizaliwa na ugomvi wa Wabelgiji juu ya nani alee watoto shuleni, Kanisa au serikali.

Wakatoliki walikuwa wamefungua chuo kikuu cha Lovanium huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954. Auguste Buisseret, waziri wa makoloni kutoka chama cha Kiliberali, alikuwa amekwisha kuwaudhi maaskofu kwa kuanzisha shule za serikali zisizo za dini, wala hakutaka elimu ya juu ibaki mikononi mwa mapadri peke yao. Amri ilitolewa 1955. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kikaanza masomo Elisabethville, wengi wa wanafunzi wakiwa watoto wa Wazungu. Jina hilo refu halikudumu hata miaka mitano. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga, na chuo kikajikuta ni cha dola ambayo hakuna nchi iliyoitambua. Baada ya kujitenga kukomeshwa mwanzoni mwa 1963, kikarudi kuwa chuo cha Kongo.

Utafiti mmoja wa miaka ile ya kwanza unastahili kukumbukwa kuliko hotuba zote za ufunguzi. Mnamo 1957 na 1958, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wanaakiolojia walifukua makaburi ya Sanga: Jacques Nenquin kwanza, kisha kundi la Jean Hiernaux, daktari na mwanaanthropolojia aliyefundisha Elisabethville. Wafu walizikwa na vyungu vizuri ajabu, mapambo ya shaba, na ile misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Makaburi mengine yana umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo chuo cha wakoloni, kabla hakijamaliza hata kujenga majumba yake, kilikuwa kimesaidia kuonyesha kwamba shaba ya nchi hii ilijulikana, ilifuliwa na kuuzwa karne nyingi kabla ya mkoloni kuizungushia mipaka.

Kisha akaja Rais Mobutu na mageuzi ya 1971. Wanafunzi wa Lovanium walikuwa wamemchosha tangu Juni 1969, askari walipowapiga risasi mitaani Kinshasa. Rais akavikunja vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja cha taifa, UNAZA, na kugawa vitivo kama mtu anayetenganisha watoto wakorofi: tiba na sheria Kinshasa, saikolojia na ualimu Kisangani, fasihi, historia, isimu na sayansi za jamii Lubumbashi. Waliohamishwa hawakuulizwa.

Adhabu ikageuka neema. Katika mji wa tanuri na treni, kwa takriban miaka kumi, walikusanyika watu ambao leo majina yao yako katika kila maktaba inayohusu Afrika. Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa 1941 Likasi, umbali wa mwendo mfupi tu wa gari, aliongoza kitivo cha fasihi na mwaka 1973 akachapisha L'Autre Face du royaume, kitabu kilichouliza kama sayansi ya Wazungu juu ya Mwafrika ni sayansi kweli. Swali hilo ndilo lililokomaa katika The Invention of Africa mwaka 1988, ila wakati huo yeye alikuwa mkimbizi Marekani, maana utawala ulipotaka kumwingiza katika uongozi wa chama cha Mobutu aliona heri kuondoka. Alifariki 2025. Mmarekani Crawford Young alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi za jamii kuanzia 1973 hadi 1975. Bogumil Jewsiewicki alifundisha historia, na Johannes Fabian anthropolojia.

Fabian namweka kando kidogo, kwa sababu walimu wake wakubwa hawakuwa darasani. Mmoja alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyeuza picha mitaani, ambaye mnamo 1973 na 1974 alimchorea historia nzima ya Kongo katika picha zipatazo mia moja na kuzieleza moja moja kwa Kiswahili, kinasa sauti kikiwa mezani. Mwingine ni André Yav, ambaye mwaka 1965, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha mji huu historia ya Elisabethville kama ilivyoonekana kutoka jikoni. Fabian aliichapisha 1990. Nathubutu kusema hakuna andiko la profesa yeyote wa wakati ule linalofunua ukoloni wa Katanga kwa ukali wa kurasa hizo chache.

Huku nyuma wanasayansi wa mimea walikuwa vilimani. François Malaisse, Mbelgiji aliyekaa miaka mingi chuoni, alichunguza msitu wa miombo wa Luiswishi na mimea inayostawi pale ambapo shaba nyingi ardhini ingeua mingine. Haumaniastrum katangense ndiyo mashuhuri: huota juu ya udongo wenye shaba, na pia juu ya mabaki ya matanuri ya wafua shaba wa kale, kiasi kwamba imewaonyesha wanaakiolojia mahali pa kuchimba. Mylor Ngoy Shutcha, wa kizazi cha Wakongo kilichofuata, na wenzake walienda Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi uliopokea moshi wa kiwanda cha shaba kwa miongo mingi hadi udongo ukawa mtupu, wakajaribu kuufunika tena kwa nyasi za hapahapa.

UNAZA ilivunjwa 1981, ndipo jina la Université de Lubumbashi, UNILU, likaanza. Muongo uliofuata ulikuwa mchungu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache tu baada ya Mobutu kuruhusu vyama vingi, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi, hata mamia, na Ubelgiji ikasimamisha misaada. Ukaja uporaji wa 1991, kisha kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai mwaka 1992 na 1993, na pamoja nao walimu wengi. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière na iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha 50,000.

Anguko hilo ndilo lililompa mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu kazi yake kubwa. Alikusanya masimulizi ya wafanyakazi, wake zao na watoto wao, watu waliozaliwa katika hospitali ya kampuni, wakasoma shule ya kampuni na kula posho ya kampuni, kisha siku moja kampuni ikawa haina mshahara. Kitabu chake, Bana Shaba abandonnés par leur père (watoto wa shaba walioachwa na baba yao), kilitoka 2001. Mwaka mmoja kabla, UNILU ilikuwa imeanzisha Observatoire du changement urbain, ambapo watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuuliza mambo ambayo wanauchumi huyapuuza: mnakula nini, mara ngapi, nani analeta fedha? Majibu mengi yalionyesha kwamba ni mama, kwa meza yake ndogo sokoni.

Na kuna tiba, ambayo baadaye ilirudi Lubumbashi. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Leuven, walipima mkojo wa watu zaidi ya 300 wa kusini mwa Katanga. Matokeo yalitolewa 2009: kobalti iliyopatikana katika miili ya raia hawa wa kawaida haikuwahi kuripotiwa kwa kiwango hicho popote duniani, na watoto walizidi watu wazima. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao wenyeji waligundua madini chini ya sakafu zao wakaanza kuchimba palepale uani. Humo walipima hata vumbi la ndani ya nyumba. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health likachapisha uchunguzi juu ya watoto wachanga wa Lubumbashi waliozaliwa na kasoro za maumbile, wakilinganishwa na waliozaliwa wazima. Katika yote yaliyochunguzwa, lililojitokeza kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba katika madini.

Utafiti huo haukumtaja mkosaji mmoja kati ya metali zilizopimwa. Kobalti inaendelea kuondoka kwa malori kuelekea mpakani Kasumbalesa, kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme, na UNILU inaendelea kupima kinachobaki.