Hadaa ya kupandisha dau

Hadaa ya kupandisha dau ni mbinu ya mchezo wa karata wa poka. Katika raundi ya mwisho, karata ya tano ikiwa imeshafunuliwa mezani, mchezaji mwenye karata dhaifu hujibu dau la mpinzani kwa dau kubwa zaidi ili amfanye aache mkono. Asipoaminika, hakuna karata nyingine ya kumwokoa.

Tuseme mezani pana dola 100 na mpinzani ameweka 50. Anayepandisha hadi 200 anahatarisha 200 ili apate 150. Mpinzani asipoacha angalau mara 58 katika 100, ni hasara. Kwa hiyo uchaguzi wa karata una uzito zaidi kuliko ujasiri. Mezani pakiwa na shupaza tatu, aliyeshika ree ya shupaza anajua hakika kwamba mpinzani hana shupaza kubwa kuliko zote. Dhidi ya mtu asiyeacha mkono kamwe, mbinu hii haifai kabisa.

Wasomi John von Neumann na Oskar Morgenstern walionyesha mwaka 1944 kwamba hadaa ni sehemu ya uchezaji bora wa poka, si ulaghai wa pembeni.

Mfano maarufu unaoikaribia mbinu hii ulitokea katika mashindano ya poka ya Las Vegas, 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alikosa shupaza aliyoingoja, akaweka dau lake lote bila hata jozi. Sam Farha, mwenye jozi ya tisa, aliacha. Moneymaker alitwaa ubingwa na dola milioni 2.5.