Safu ya Tatu

Kaunta-buku ya mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili huko Tandika, Temeke, ina safu tatu: neno, maana, sentensi. Mbili za mwanzo zimejaa misamiati migumu ya Kiingereza. Ya tatu ni tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamwuliza sababu.

"Mjomba, tuisheni hawaulizi sentensi. Tunameza maana tu."

Wapo wanaosema kumeza huku tumekurithi madrasa. Nakataa. Mtoto wa madrasa huhifadhi Juzuu Amma kabla ya kuijua maana, ni kweli. Lakini anahifadhi maneno yaliyokaa mahali pake, kila neno na jirani yake, na mwalimu humrudisha kila anapoteleza. Maana ikija baadaye, inakuta nyumba imesimama. Sisi tunamrundikia mtoto matofali, na kidato cha kwanza tayari kimemhamisha ghafla kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza.

Mwaka 1969 ulituachia njia nyingine, kwa mikono miwili tofauti kabisa. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alitoa Qurani Takatifu kwa Kiswahili, na pale tafsiri peke yake isipotosha, akaweka maelezo. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice. Tazama jina hilo tu: mfanyabiashara wa Shakespeare amegeuka bepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno lenyewe likiwa bado la moto. Mimi ningebaki na mfanyabiashara. Hata hivyo, hakuna anayeweza kuamua kama alivyoamua Mwalimu bila kuyapima maneno ya lugha zote mbili, uzito kwa uzito. Kupima huko ndiko kujifunza msamiati.

Nikarudi kwenye kaunta-buku. Mbele ya "reluctantly" alikuwa ameandika: bila kutaka.

"Mama akikutuma dukani Simba na Yanga wanacheza, unakwendaje?"

"Shingo upande!"

Akacheka, akachukua kalamu. Sentensi ya kwanza ilikuwa na kosa la wakati wa kitenzi. Nililinyamazia mpaka alipomaliza ya pili, kisha tukalisahihisha pamoja.

Walimu wetu wa tuisheni, kuanzia Mbagala hadi Manzese, nawaombeni: alama zitoeni kwenye safu ya tatu.