Kukata vipande vya video bila kushika kipanya

Wasikilizaji mnaorekodi harusi na kuzihariri kwa Premiere Pro, kipanya kinawachelewesha huku mteja anasubiri. Bonyeza L video itembee. Ukibonyeza tena inaongeza kasi. K inasimamisha, J inarudisha nyuma.

Ukifika panapoanza mambo, bonyeza Q. Kila kilicho kushoto mwa ule mstari unaotembea, ndani ya kipande hicho, kinaondoka na pengo linajiziba lenyewe. W inaondoa cha kulia. Hizo mbili ndizo tunazozipenda sisi.

Ila msitari wa sauti ukiwa na kufuli, picha inasogea na sauti inabaki: midomo ya bwana harusi inasema “ndiyo” kabla hatujamsikia. Bonyeza Ctrl na Z, fungua kufuli, kata upya.